Majani ya Mtapo

Jumatatu, 1 Oktoba 1962
Nimekamua ng'ombe wanne kwa kawaida. Wa tano, Zuhura, hakusimama sawasawa. Miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi. Macho mazima, anakula, maziwa anatoa. Velo, mchungaji wangu, anasema amerogwa. Nimemwambia huyo mchawi basi aje akamue. Nimemkatia Zuhura majani mabichi, kayamaliza.

Alhamisi, 4 Oktoba
Sasa na ng'ombe wangu Mwezi anayumba. Bwana mifugo, Mfaransa, amekuja huku kwetu Amborovy na gari lake. Zizini hakuingia. Alisimama mlangoni na leso puani, akaandika: kichaa cha mbwa. Wote watano wapigwe risasi Alhamisi ijayo.
Kichaa gani hicho? Hawatokwi na mate, hawamrukii mtu, maji wanakunywa. Tangu mume wangu afariki, maziwa ya hawa ndiyo yanayotulisha mimi na wanangu watatu. Tuliambiwa Wafaransa hawatutawali tena. Huyu hajaambiwa.

Ijumaa, 5 Oktoba
Posta. Nimempelekea telegramu shangazi Echa, kisiwani Nosy Be. Ameishi na ng'ombe miaka mingi kuliko na waume. Nimeeleza miguu, macho, ulaji. Karani kanung'unika maneno ni mengi. Anung'unike.

Jumatatu, 8 Oktoba
Jibu la shangazi, maneno manne: "Kuna mtapo karibu nao?"
Nimeketi kwenye ngazi za posta. Upo. Ua mzima wa zizi ni mitapo, miti hii kama minazi mifupi, nimeipanda mwenyewe kwa mbegu alizonipa yeye nilipoolewa huku Mahajanga. Unga wake ndio chakula chetu. Kila mwanamke wa kwetu anajua: mbegu unazikata, unazianika, unaziloweka siku nyingi, maji yake unamwaga mbali na kuku, maana ni sumu. Majani hakuna aliyenionya. Sisi majani hatuli.
Moto wa malisho ulipopita mwezi wa nane, nyasi ziliisha, mitapo ikachipua. Laini, kijani. Nikashika panga nikawakatia. Kila siku. Zuhura nilimzidishia kwa sababu nampenda.

Jumanne, 9 Oktoba
Tumeng'oa yote, mimi na Velo. Viganja vimechubuka. Najichukia. Lakini risasi hawapigwi.

Alhamisi, 11 Oktoba
Wamekuja na bunduki. Nimejifunga kibwebwe, nikaketi mlangoni mwa zizi.
"Ondoka, bibi. Ni amri," bwana mifugo akasema kwa Kifaransa.
Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha kuchechemea: "Ng'ombe mwenye kichaa siku kumi hazimalizi. Zuhura kazimaliza, na anacheua mbele yako."
Velo, yule wa uchawi, akaja akaketi kando yangu. Nilitaka kulia, sikulia. Watu wa barabarani wakaanza kusogea kutazama. Ndipo bwana mifugo akaingia zizini, mara ya kwanza. Akamtazama Zuhura mdomo, ulimi, macho. Akasukuma amri yake hadi tarehe ishirini na tisa. Wakifa, nimeshindwa.

Jumamosi, 20 Oktoba
Hakuna aliyekufa. Hakuna mwingine aliyeanza kuyumba.

Jumatatu, 29 Oktoba
Watatu wazima. Mwezi anayumba kidogo, anakwenda malishoni. Zuhura nyuma hainuki tena. Shangazi ameandika kwamba hatapona.
Bwana mifugo amefuta amri. Karatasi yake inasema sababu haijulikani. Nilimtajia sababu, akacheka: mti wa chakula! Akanisogezea wino wa dole gumba nitie sahihi. Nikaichukua kalamu mkononi mwake. Chini kabisa, kwa herufi za Kiarabu, nikaandika: ni mtapo, na niliwakatia mimi.
Akauliza nimeandika nini. Nikamwambia, jina langu.
Kisha nikampelekea Zuhura maji pale alipolala.