Bugonjwa Bila Homa

Lubumbashi, tarehe 20 mwezi ya tano 1993

Musonda, mudogo wangu,

Jambo mingi kwako, na kwa bwana yako Constantin, na batoto. Balilala muzuri? Huku Dorcelle, binti yangu, iko muzima na bajukuu beko bazima.

Jeannot wa treni alinileta habari kama mulifika Mwene-Ditu, kule Kasai. Weye si muntu ya Kasai. Mama alikuzala huku Katanga, pa Kambove, sawa alivyonizala miye, dada yako mukubwa. Lakini balipofukuza bantu ya Kasai bote, na Constantin ndani, ulipanda treni naye. Sikulaumu, bwana ni bwana. Kitu inanishangaza ni hii: pa gare ya treni ya Likasi, nikiwaaga, sikulia. Nilirudia nyumbani Katuba na macho makavu, na mpaka leo iko vile.

Sijui kama ni malaria. Homa hakuna. Lakini asubuhi kitanda inanishika. Munkoyo, kinywaji yangu ya mahindi na mizizi, siuzi tena. Mizizi ilikauka nyuma ya mulango na unga ya mahindi iliingia badudu. Dorcelle anapika bukari ya unga na majani ya sombe, naona sawa natafuna karatasi. Mujukuu akicheka, natamani atoke inje. Miye! Nani alikuwa anachekesha bamama bote pa soko?

Pengine itapita.

Yaya yako,
Mumba


Mwene-Ditu, tarehe 14 mwezi ya kumi na moja 1993

Yaya Mumba,

Nakusalimia sana, na Dorcelle na bajukuu. Barua yako ilinifikia imelowa mvua, lakini niliisoma yote.

Tunalala ndani ya wagon ya zamani pembeni ya gare, na bantu bengine. Kunda, mutoto wetu ya mwisho, tulimuzika mwezi ya nane. Kuhara. Constantin, muntu alikuwa anaongoza mashini ya mugodi, sasa anauza makala.

Yaya, niambie ukweli: kwako nani alikufa? Uko na nyumba. Uko na kitanda. Miye naamuka natafuta maji, juu nisipoenda hakuna muntu ataenda. Amuka nawe. Omba Mungu. Sikutukani, nakupenda.

Mudogo yako,
Musonda


Lubumbashi, tarehe 5 mwezi ya pili 1995

Musonda wangu,

Salamu kwenu bote. Constantin iko na nguvu? Usinichukie kwa kunyamaza hivi.

Nilisoma jina ya Kunda, nikakunja barua, nikageukia ukuta. Sikumulilia. Muda mrefu yote hiyo sikumulilia. Ni juzi tu, nikiosha sahani, machozi ilikuja kwa nguvu mpaka Dorcelle akaogopa. Nikamuambia: "Niache, mutoto. Ndiyo napona."

Balinipeleka kwanza pa kanisa ya maombi; balisema iko bulozi. Jirani alisema ni buzee tu, bazee beko vile. Nyuma ya hiyo Dorcelle alinipeleka kwa munganga ya magonjwa ya kichwa, docteur Alexis. Nilikuwa na haya, nikafunika uso na kitambaa. Akauliza:

"Mama, unatamani kufa?"

"Docteur, kufa inaomba nguvu. Miye sina."

Hakucheka. Aliniambia jina ya hii bugonjwa: dépression, huzuni inashika kichwa na mwili. Haiko bulozi, haiko buzee, haiko buvivu. Akasema kwa bantu ya myaka yetu inaweza kwenda na kurudi, nisiache vidonge.

Vidonge vinanikausha kinywa. Lakini siku moja nilisikia harufu ya sombe, nikaomba sahani. Dorcelle alikimbia kuita bajirani! Sasa natengeneza munkoyo tena. Juzi nilimuambia mama Simone wa pale soko kama bwana yake anaangalia kikombe yangu kuliko anavyomuangalia yeye. Bamama balicheka mpaka nyanya za mutu zikaanguka.

Yaya yako anayekula,
Mumba


Mwene-Ditu, tarehe 11 mwezi ya sita 1995

Yaya,

Uko muzima kweli? Nimesoma barua yako kwa sauti, na Constantin alicheka juu ya mama Simone. Alikuwa hacheki tena, yaya.

Sikujua kama iko bugonjwa. Nilizania muntu akitaka, anaamuka. Kunywa vidonge. Hata ukisikia muzuri, kunywa.

Musonda


Lubumbashi, tarehe 3 mwezi ya kumi 1997

Mudogo,

Salamu kwa Constantin na batoto.

Imerudi. Usiulize nani alikufa, hakuna. Ndiyo, basoldat ya uasi baliingia mujini mwezi ya ine, jina ya inchi ilibadilika. Bantu balicheza barabarani, na miye nilicheza. Si hiyo. Ilirudi siku moja muzuri, nikichuja munkoyo. Nilisimama na kitambaa mukononi na sikujua tena kazi yake.

Docteur Alexis alihamia Zambia. Dorcelle alizunguka pharmacie zote za mujini, vidonge hakuna. Mara ya kwanza nilizania itapita. Sasa najua njia yake, na kujua ndiyo mubaya zaidi.

Mumba


Mwene-Ditu, tarehe 25 mwezi ya saba 1999

Yaya Mumba,

Habari ya mwili? Nimekuandikia na nimekuandikia. Sijui kama ni vita inakula barua ao ni weye hujibu. Treni inafika siku inataka. Nitumie hata neno moja. Njia ikifunguka, nakuja.

Mudogo yako,
Musonda


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi ya tatu 2002

Musonda,

Asante kwa kuja. Ulikaa kwetu mwezi muzima, ukaniogesha, ukanichana nywele, ukanipikia samaki. Nilikuona unaniangalia sawa muntu anangoja maji ichemuke. Siku ya kwenda uliniuliza pa mulango: "Yaya, unasikia nafuu?" Nikasema ndiyo, juu weye uingie ndani ya treni na moyo mwepesi. Nafuu hakuna.

Weye unauliza niko namna gani. Dorcelle anauliza, pasteur anauliza. Kila mara natafuta jibu ya kumupa muntu asiende na huzuni, na ile kazi inanimaliza. Nimezeeka, mudogo. Singoji tena kupona. Bakinilisha nakula.

Usiniulize tena. Lakini usiache kuandika.

Mumba


Mwene-Ditu, tarehe 30 mwezi ya sita 2002

Yaya,

Tumeezeka nyumba, mabati ya zamani lakini haivuji. Leo nilipika maharagi na ikaungua, nikiongea na jirani. Tulikula vile vile.

Musonda


Mwene-Ditu, tarehe 17 mwezi ya nane 2003

Yaya,

Dorcelle alinitumia neno. Anasema hauongei tena. Anakusomea barua zangu pembeni ya kitanda, na weye unaangalia ukuta, hajui kama unasikia. Nilimujibu asome tu.

Basi, habari ya huku. Mbuzi ya jirani alikula kola ya shati ya Constantin, ile shati ya jumapili, ikiwa inakauka juu ya kamba. Nilimuambia abaki nyumbani. Alikataa. Alienda misa bila kola, akakaa mbele kabisa, akaimba. Ungekuwa na nguvu, ungeniuliza kama alivaa kravati pa shingo.

Alivaa, yaya.

Mudogo yako,
Musonda