Sinia la wageni wa Arielle

Mama Arielle,

Sinia nimeshapanga, hakuna cha kupika: nanasi, ndizi mbivu, karanga, asali katikati. Parachichi likate wakifika, lisibadilike rangi kama wewe asubuhi. Lifunike, nzi hawaambiwi wakae chumbani.

Mimi niliambiwa, tena mbele ya jirani, kwa sababu nilionja asali: "Mama, unawachafulia wageni. Leo kaa chumbani." Nimekwenda kukaa Kitanga, kwa dada yangu. ~~Nitarudi jioni.~~ Usiniwekee chakula.

Ila hao wanaokuja kumposa mjukuu wangu ni wazee wa Kibondo. Hawagusi kitu mpaka mkubwa wa nyumba aonje mbele yao, wajue hakuna sumu. Wakiniulizia, waeleze mambo ya usafi.

Mama mkwe wako