Poti Inayoimba na Miguu Yako, Mama

Kwako mama, uliyelala Kasenga,

Juzi mdogo wangu Bea aliniomba nimpe ile poti ya mwanangu Mwansa. Ana mimba ya miezi saba na ameshaanza kukusanya vitu vya mtoto. Aliniuliza kama kweli inafaa, maana ni ya bei kali, na yeye aliitamani tangu siku ya kwanza alipoiona kwangu. Nilimwambia nitamjibu. Kabla ya kumjibu yeye nilikukumbuka wewe, na tangu hapo sijatulia.

Unakumbuka siku niliyoileta kutoka mjini? Mwansa wangu alikuwa anakaribia miaka mitatu, na shule ilikuwa imeniambia wazi kwamba mtoto wa pampasi haingii. Wewe ulikuja Lubumbashi kunisaidia kwa sababu mimi nashinda ofisini. Boksi ulilifungua mwenyewe. Ndani poti nyeupe, yenye mgongo kama kiti, na ikilowa inapiga wimbo. Uliizungusha mikononi, ukaichungulia chini, kisha ukaniuliza kwa adabu zote:

"Mama, asa hii iko inaimbia nani?"

Nilicheka sana. Mimi ulikuwa unaniita mama tangu nikiwa mdogo, na Mwansa, kwa kuwa anabeba jina lako, mlikuwa mnaitana "majina", wewe na yeye. Nyumbani kwangu siku zile hakuna aliyeitwa jina lake.

Mwansa hakukawia kugundua kwamba hata maji ya bomba yanaiimbisha. Akawa anachota kikombe, anamwaga, anapiga makofi, halafu anakwenda kukojoa nyuma ya mlango. Siku moja nilirudi kazini nikawakuta nyinyi wawili mmechuchumaa mbele yake, kikombe kiko mkononi mwako. "Majina iko na akili," uliniambia. "Hii kintu ndiyo haina nayo." Nilinuna, kwa sababu nilikuwa nimejinyima mengi ili kuinunua.

Wewe ulikuwa na njia yako. Asubuhi ulikaa chini uani, kwenye parseli yetu, miguu umeinyoosha na kuiachanisha kidogo, unamkalisha Mwansa juu yake, uso wake ukikutazama. Unamshika mikono, unamfanyia "psii, psii", na yeye anakojoa huku anakucheka. Ndivyo ulivyotulea mimi na Bea, na ndivyo mama yako alivyokulea. Ilimfaa kuliko poti. Nakubali sasa.

Jumapili moja wenzangu wa ofisini walipita bila kutoa taarifa. Wakakukuta hivyo, mkojo unateremka kwenye kisigino chako, na wewe unawakaribisha kwa furaha. Walikusalimia vizuri, mama. Hakuna aliyesema neno baya. Aibu ilikuwa yangu mimi peke yangu. Walipoondoka nilikufuata bombani, ulikokuwa unanawa.

"Mama, ile mambo ya miguu, acha. Iko buchafu. Nilinunua poti juu ya nini? Huku haiko Kasenga."

Uliendelea kunawa, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Sawa, mama," ulisema. "Nitaacha."

Na ukaacha. Kuanzia kesho yake ulikaa kwenye kiti, kikwembe chako cha kiunoni umekishusha mpaka chini, ukimwangalia mtoto akibishana na poti. Nilidhani umenielewa, hata nikajisifu moyoni. Baada ya wiki mbili ukasema unarudi nyumbani, mihogo yako inakungoja. Nilikusindikiza mpaka kwenye gari. Kila aliyeniuliza, Bea naye, nilimjibu hivyo hivyo, kwamba mama amefuata mihogo yake.

Bea alipokuja kukutembelea huko Kasenga ndiye aliyekukuta miguu imevimba, viatu haviingii. Daktari akasema ni moyo, na kwamba uvimbe ule si wa jana wala juzi. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka. Ulianza kuvimba ukiwa kwangu, chini ya kile kikwembe. Ningekuacha uendelee kumkalisha mtoto, ningekuwa naiona miguu yako kila asubuhi, na huku hospitali ziko. Sijui kama ungepona. Ila najua ungeniambia kwamba inauma, kama nisingekuwa nimeiita michafu.

Mwansa aliacha pampasi kwenye kilio chako, tulipokuja Kasenga kukuzika. Poti hatukuibeba, nani angeikumbuka siku ile? Alishinda akicheza na watoto wa ndugu zetu, na walipokwenda kuchuchumaa nyuma ya nyumba, naye aliwafuata. Siku ya nne alinijia kwenye mkeka, chupi iko mkononi, akasema, "Mama, nilimaliza." Nililia upya, na wale wamama waliokaa nami wakanishika mabega. Kweli nilikuwa nakulilia. Lakini pia sikuona mtu mwingine pale ambaye habari ile ingemfurahisha kama wewe.

Leo mchana Bea amekuja kuichukua. Nilikuwa nimeisugua, nimeiweka mezani. Nikaanza kumwambia kwamba plastiki yake ni ngumu, kwamba haipinduki ovyo, nikaishia hapo. Nikamweleza yote, ile Jumapili, wale wageni, lile neno nililokuambia bombani. Nilingoja anifokee. Ana haki, ndiye aliyeikuta ile miguu. Yeye aliitia poti kwenye mfuko, akaufunga polepole.

"Yaya, nilijuaka," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Mama aliniambia mu telefone, ule mwezi mwenyewe. Aliniambia, yaya yako alichoka na kazi, usimuulize ile maneno hata siku moja. Bantu bakikuuliza, sema ni mihogo."

Akaondoka nayo. Mlangoni nilimwambia aichukue kwa kuwa ipo tu, ila ajue mtoto ataacha pampasi siku yake ikifika, wimbo uwepo au usiwepo. Mimi nimebaki hapa mezani nakuandikia.

Afadhali ungenigombeza, mama. Aliyegombezwa anajibu, anakasirika, mwishowe anaomba msamaha na mambo yanaisha. Wewe ulinyamaza ili mimi nisipate aibu, ukamwagiza hata mdogo wangu anifichie, na sasa msamaha wangu ninao mkononi na sina pa kuupeleka.

Lala salama, mama.

Ni mimi, mtoto wako mkubwa.