Likizo Zangu Niliziandika "Hakuna"

Mpendwa Mama Prisca, naomba unisaidie maana nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni bwana shamba hapa Mpuguso, mwajiriwa wa Halmashauri, na kwa miaka mitatu mfululizo kila nikiomba likizo mkuu wangu ananiambia ahirisha kwanza, msimu wa miche ya chai umefika, siku zako hazipotei, nami nikaahirisha mpaka zikafika siku themanini na nne, na nikamwahidi mdogo wangu Lutufyo, anayemuuguza mama yetu aliyepooza kule Masukulu, kwamba nikizipata nitakaa na mama ili yeye akapasuliwe ngiri, naye akanishukuru, "Ndaga, kaka, nitavumilia." Mwaka huu sisi mabwana shamba tukahamishiwa Serikali Kuu, chini ya wizara, tukapewa fomu yenye sehemu ya likizo unazodai, na kwa kuwa kila mtu anaogopa kupunguzwa kazi na ilivuma kwamba wenye madai ndio watakaoachwa, nikaandika "Hakuna". Sasa wizarani wananihesabia kuanzia sifuri, Halmashauri wanasema mimi si mtu wao tena, na mbaya zaidi nimemdanganya Lutufyo kwamba serikali imezila siku zangu, naye pamoja na maumivu yake anataka tufuatane akawafokee. Nifanye nini?

Ambwene, Mpuguso

Ambwene, pole kwa ugonjwa wa mama, na pole yangu inaishia hapo. Mtu mzima, kila siku unawahimiza wakulima waweke kumbukumbu, fomu inakuuliza unadai nini, wewe unaijibu kwa uvumi wa kilabuni? Nimewauliza wenzako wawili wa Tukuyu. Waliandika siku zao zote na wako kazini mpaka leo.

Sasa sikia. Barua zako za kuomba likizo, zilizoandikwa "imeahirishwa", zimo kwenye jalada lako. Nenda masijala ya Halmashauri uombe nakala, wakikwambia njoo kesho, kaa hapo hapo. Kisha mwandikie mwajiri mpya kwamba ulijaza lisilo kweli kwa kuogopa kupunguzwa, uambatanishe nakala hizo, na nyingine umpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Usiandike kwamba ulisahau, maana hukusahau.

Hilo litachukua miezi, na ngiri ya mdogo wako haiwezi kusubiri masijala. Likizo ya mwaka huu unayo. Iombe kesho, na wakikutajia msimu wa miche, watajie mama yako. Jumamosi nenda Masukulu, mwambie Lutufyo ukweli kabla hujapewa kiti. Atakasirika, na ana haki. Mwache aende hospitali na hasira zake, wewe ubaki umgeuze mama kitandani.