Wembe wa Asubuhi ya Sabasaba

Wapagazi wangu, hamjambo? Nawaita hivyo kwa sababu kila anayeandika kwenye safu hii kaja na mzigo kichwani, na sisi wengine tunamshika mkono autue. Barua ya leo imetoka Itetemia. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena, nikatoka mbio kumtafuta muuguzi ninayemfahamu, na niliporudi ndiyo nikakaa kuijibu.

*

Dada Pelagia mpendwa, nisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka. Mimi naitwa Maua, kusoma nimejifunza kwenye kisomo cha jioni kwa hiyo nikikosea usinicheke, nimeolewa na Nassibu anayefanya kazi kwenye treni ya Kigoma, leo yupo kesho hayupo, na nyumbani tuko mimi, watoto na baba mkwe wangu Mzee Mabruki, ambaye hapa kwetu hakuna asiyemjua, kwa sababu ujanani, kabla reli haijafika Tabora, alitembea kwa miguu hadi Bagamoyo na mzigo kichwani, na hata leo akikaa kwenye kigoda utaona shingo imenyooka kama nguzo ya nyumba.

Sasa huyu mzee mwaka jana alianza kusimama msalani muda mrefu, yanatoka matone tu, sisi tukasema ni uzee, halafu wakati wa kuvuna mkojo ukafunga kabisa, tumbo chini ya kitovu likawa gumu kama ngoma, mtu aliyebeba mizigo ya watu wawili analia mbele ya wajukuu, tukampakia kwenye lori la kijiji hadi hospitali, wakamtia mpira, mkojo ukajaza beseni na yeye akalala hapo hapo. Daktari akasema kuna tezi shingoni mwa kibofu, imekua na inabana njia, atapasuliwa zamu yake ikifika, kwa sasa arudi nyumbani na mpira wake na mfuko wake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, dada. Kwetu mkwe ni mkwe, mimi hata sahani simkabidhi bila kupiga goti, leo nishike mkojo wake? Lakini Nassibu yuko safarini, na shemeji yangu Omari, mdogo wake Nassibu, fundi baiskeli pale sokoni, akija anasimama mlangoni, "Shikamoo baba," halafu anaaga, basi nikafanya mimi, naumwaga ule mfuko nimegeuza uso, na kuuacha chini niliona ni kumvunjia heshima, kitu cha mkwe hakiwekwi chini watu wanapita, kwa hiyo nikapiga msumari ukutani juu ya kitanda, nikautundika kule juu karibu na kofia yake, nikaufunika kwa kitambaa nilichodarizi mwenyewe, nikasimama nikajisifu kwamba pamependeza.

Na mzee naye amekata maji. Nikimpelekea kikombe anasema, "Mwanangu, mpagazi hanywi njiani, anakunywa kambini. Ukinywa njiani utasimamisha msafara."

Nikamwuliza, "Na kambi iko wapi, baba?"

Akasema, "Baada ya Sabasaba."

Nikueleze hiyo Sabasaba. Mjumbe wetu wa nyumba kumi amepanga wazee waliobaki wa kazi ile waandamane kutoka huku hadi uwanjani mjini, mizigo kichwani, vijana waone nchi hii ilibebwa na nani, na kirangozi, yule wa kutangulia mbele ya mstari, amechaguliwa baba mkwe wangu. Siku alipoletewa habari alitoa njuga zake za zamani sandukuni akazisugua na majivu mpaka zikang'aa, na mimi nilikuwa natembea njia ya kisimani kama vile nimechaguliwa mimi. Lakini Omari akasema pale pale mlangoni, "Baba akionekana na mfuko wa mkojo mbele ya mkoa mzima, tutaitwa kwa jina hilo mpaka wajukuu." Mzee alisikia. Kesho yake akaniita, "Maua mwanangu, asubuhi ya Sabasaba uniletee wembe mpya. Mpira huu nitaukata. Nikirudi watanitia mwingine." Nikasema, "Ndiyo, baba," kwa sababu mkwe hutamwambia hapana, ulimi haugeuki.

Anayemfanya acheke ni mtani wake tu, Mzee Anton, Mgogo mstaafu wa reli. Alikuja akautazama ule mfuko ukutani akasema, "Mnyamwezi wewe, umebeba meno ya tembo miaka yote, leo umelazwa na nusu chupa ya mkojo?" Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamjibu, "Nyamaza Mgogo, nyie kazi yenu ilikuwa kukaa kisimani mnatutoza hongo tukitaka maji." Baada ya hapo hajacheka tena. Tangu juzi mkojo umekuwa kama chai ya rangi, unanuka, mwili wake wa moto, na jana alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Sabasaba ni wiki ijayo. Wembe nimeshanunua, nimeufunga kwenye pindo la kanga, kila nikiinama unanigusa. Nimpe? Nikimnyima nitakaaje naye nyumba moja? Mimi najivunia mzee huyu, dada, sitaki niwe mimi niliyemnyang'anya siku yake.

Maua, Itetemia

*

Maua, jibu hili nimemkabidhi mtu wa baiskeli akuletee mkononi, maana ukingoja gazeti utakuwa umechelewa. Hapa tunalichapa kwa ajili ya wengine.

Wembe mpe Omari akanyolee ndevu, akiwa mbele ya kioo atajiona anavyofanana. Kwa baba mkwe wako usifike. Ndani ya kibofu ule mpira una puto dogo lililojazwa maji, ndilo linaloushika usichomoke. Akiukata hovyo kipande kinaweza kubaki ndani, akiuvuta puto litachana njia, na damu utaiona kwenye kanzu yake ya maandamano. Tuseme umetoka salama. Tezi je, imeondoka? Mkojo utafunga tena, na lile tumbo la ngoma litamkuta katikati ya barabara, njuga miguuni, watu wanampigia makofi. Mpira hutolewa na aliyesomea kuutoa, basi.

Homa na kutetemeka havingoji Sabasaba. Ukimaliza kusoma mstari huu mpeleke hospitali, leo hii, kwa sababu uchafu ukitoka kibofuni unapanda kwenye figo, na mzee wa umri wake hana muda wa kubahatisha. Siku nyingine yoyote ukiona damu, au mfuko haupati kitu na tumbo linavimba, fanya hivyo hivyo, usiitishe kikao cha ukoo.

Sasa nikugombeze kidogo. Umepiga msumari juu ya kitanda. Mkojo nao ni maji, mama, umeona wapi maji yanapanda mlima? Ulikuwa unarudi kibofuni kila akilala, na uchafu wake wote. Heshima ya mfuko ule iko chini ya kiuno. Ufunge kwenye ubao wa kitanda, upande wa chini, usiguse sakafu, mpira usijikunje, na kile kitambaa chako ufunike hapo hapo, sijasema ni kibaya. Umwage kabla haujajaa, unawe kwa sabuni kabla na baada, na ukiumwaga tazama unachofanya. Adabu iko mikononi mwako, macho yana kazi nyingine.

Na maji anywe. Sheria ya njiani niliisikia hata kwa babu yangu, wale walikuwa na sababu yao. Lakini mkojo ukifikia rangi ya chai, mwili unaomba. Daktari asipokuwa amemkataza kwa ugonjwa mwingine, kikombe kiwe karibu yake mchana kutwa.

Utamwambiaje, wakati ulimi haugeuki? Usimwambie wewe. Wewe mkwe unapiga goti, ila mtani anasema lolote na hakuna wa kumkasirikia, mtani anaingia hata kwenye msiba akatukana watu wakacheka. Nenda kwa Mzee Anton, mweleze yote, wembe, puto, homa. Aje asimame mbele ya kitanda amwambie Mabruki kwamba leo kisima cha Ugogo hakina hongo, anywe.

Kumwosha mzee mwili, pamoja na pale mpira unapoingilia, kila siku kwa maji na sabuni, ni kazi ya Omari. Ni baba yake. Kama anaweza kupaka grisi mnyororo wa baiskeli ya mtu asiyemjua, hii pia ataiweza. Nassibu naye mtumie salamu kwa wenzake wa stesheni aombe likizo. Wewe lini umelala? Barua nzima hujasema neno moja juu yako. Jino kubwa la tembo halikubebwa na mtu mmoja, lilifungwa kwenye mti wakashika wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Muulize baba mkwe wako, atakuambia.

Kuhusu siku yake: homa ikishuka na daktari akikubali, aende. Mfuko mtupu ufungwe kwenye mguu, chini ya goti, kanzu ianguke juu yake. Kirangozi tangu zamani alibeba mzigo mwepesi kuliko wote, na huo ndio utakuwa mzigo wake. Daktari akikataa, mjumbe apitishe msafara mbele ya mlango wa mzee, atoe sauti ya kwanza ya wimbo akiwa amekaa kwenye kigoda chake na njuga zake. Hakuna aliyemnyang'anya kitu.

*

Wapagazi wangu, nilikuwa nimeshafunga safu ya leo, mtu wa baiskeli akarudi. Anasema jibu alimfikishia Maua mkononi, na baadaye wakati wa kurudi amewapita njiani wakienda hospitali. Omari mwenyewe anasukuma mkokoteni, jasho linamtiririka, mzee kakaa ndani yake shingo imenyooka, na Maua nyuma na birika la maji. Pembeni anatembea Mzee Anton, ameshika ule mfuko kwa mkono, chini kabisa, umevishwa kitambaa cha kudarizi, na kila wanayekutana naye anamtangazia: "Pisheni njia, leo Mgogo kabeba mzigo wa Mnyamwezi." Na mzee anamjibu kwa sauti ndogo kwamba anaushika vibaya.

Bado hatujui daktari atasema nini juu ya Sabasaba. Lakini wewe unayesoma, mkwe unayempigia goti akikuomba wembe, na siku kubwa ya maisha yake imefika, ungefanyaje? Ungempelekea wembe, au kikombe cha maji?