Kahawa Yangu na Mke Wangu Kalondu

Jumapili, 5 Septemba 1976

Nimeamua. Nitaoa.

Nimeliandika kwanza nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri.

Leo baada ya kanisa nilimwambia Peres. Ni Mmaragoli, anasuka nywele kibanda cha pili kutoka kwangu hapa Kenyatta Market, na tumezoeana hadi kuibiana sukari. Alicheka mpaka mteja wake akalalamika kwamba anavutwa nywele. Mwanamke aoe mwanamke! Ikabidi nimweleze pole pole, kama mtoto wa Sunday school. Kwetu Ukambani mjane asiye na mwana wa kiume huoa msichana. Msichana huyo anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa nyumba ya yule mjane na marehemu mumewe, na shamba ni lao.

“Sasa wewe ndio bwana?” Peres akauliza. “Na watoto watatoka wapi?”

Nikamwambia hiyo ni shughuli ya mke wangu na yeyote atakayempenda. Yangu ni nyumba. Akacheka tena, lakini nikaona ameanza kufikiri.

Pasta akisikia atanipeleka benchi la nyuma. Haya. Hata huko nyuma mahubiri yanasikika.

Mabinti zangu wawili wameolewa, mmoja Kitui, mmoja Thika. Wa kiume sina. Na mwezi ujao watu wa kupima ardhi wanapanda Mbooni. Kamati ya wazee itasimama kwenye kila shamba na kusema hili ni la fulani. Kwa nyumba isiyo na mwana watasema: mwandikeni ndugu wa marehemu, amtunzie mjane. Ndugu wa marehemu mume wangu, Mukonyo, ni Nthiwa. Nthiwa! Mtu ambaye mikahawa yake imemezwa na magugu mpaka mbuzi wanapotelea humo!

Mikahawa yangu iko juu kabisa, karibu na msitu, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mvua ikinyesha hata basi haliendi, unashuka chini na kupanda kwa miguu, na magoti yanakumbuka wiki nzima. Matuta yale tuliyachimba na wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukiimba, mimi na mimba ya binti wa pili. Miaka mingi hakuna aliyeyatazama. Tangu baridi iunguze kahawa ya Brazil na bei kupanda, kila mtu amekumbuka kwamba mimi ni shemeji yake.

Jumatano, 8 Septemba

Kalondu amekubali. Amekubali! Kilonzo, dereva wa basi la Mbooni, aliniletea neno hadi kwenye cherehani.

Nilizungumza na Kalondu mwezi uliopita, tukichuma. Ni binti wa ng'ambo ya kijito, ana mtoto wa kiume anayeanza kutambaa, na baba wa mtoto alipotelea Mombasa. Ana mikono myepesi, anachuma zilizoiva tu, hanyonyoi matawi. Nilimwambia kila kitu bila kuzunguka. Alisikiliza, akaomba jambo moja tu: asichaguliwe mwanamume, na mtu yeyote, maisha yake yote. Nikamwambia kwangu hilo si la kuomba.

Sasa kuna mbuzi. Mbuzi watatu wa ntheo hupelekwa kwa baba wa msichana, huchinjwa, huliwa, na hapo ndipo ndoa inakuwa ndoa. Bila ntheo hata mkizeeka pamoja, ni mazungumzo tu. Na anayewapeleka lazima awe mwanamume wa ukoo wa mume.

Yaani Nthiwa. Sina mwingine.

Nilimtuma Kilonzo amuulize, naye anasema Nthiwa amekubali mara moja, tena kwa furaha. Hilo lilinishangaza. Lakini labda uzee umemlainisha.

Alhamisi, 16 Septemba

Mama Lornah wa Lavington alishuka kwenye gari lake leo na uso wa msiba. Dada yake anaolewa Jumapili. Yale magauni ya wasimamizi niliyomaliza — amebadilisha mawazo kuhusu mikono. Mikono yote! Anataka ya kuvimba, kama aliyoiona kwenye gazeti. Na Jumamosi ndiyo siku ya ntheo.

Nilikaa nikipima. Nikimwangusha Mama Lornah, Lavington nzima itajua, na wanawake wa nyumba zile kubwa ndio wanaoniweka mjini. Nikikosa ntheo, mbuzi watachinjwa tu. Hawataninginia wakinisubiri. Mwanamke hata si wa kuongea pale, kazi ni kuketi na akina mama na kuonekana.

Nimemwambia sawa, atapata.

Jumamosi, 18 Septemba

Mikono yote imevimba vizuri. Mama Lornah alinikumbatia mbele ya watu.

Sasa hivi huko Mbooni nyama inaliwa. Nami sikukubali kukaa njaa siku ya harusi yangu. Nilimchukua Peres upande wa wachoma nyama, tukala mbavu mpaka mafuta yakafika viwikoni. Peres aliniita “bwana harusi” mbele ya muuza nyama. Nikamjibu bwana harusi anaongezewa kachumbari. Nimeongezewa.

Jumanne, 21 Septemba

Kilonzo alikuja asubuhi na hakukaa. Alisimama tu mlangoni akizungusha kofia. Nikajua kuna jambo.

“Mama, hii maneno si mzuri,” akasema. “Baba ya Kalondu aliuliza, hizi mbuzi ni za nyumba gani? Nthiwa akasema ni za kijana yake, Mwololo. Wazee wakaitikia. Nyama ikakuliwa.”

Za Mwololo! Mbuzi wangu! Mwololo mwenye mke tayari, Mwololo anayeshinda kwenye duka la pombe akisubiri baba yake amrithishe kitu! Kalondu akiingia nyumba ya Mwololo, yeye na mtoto wake ni wa Nthiwa. Nyumba yangu inabaki tupu. Siku ya kupima, Nthiwa atasimama kwenye matuta yangu na kusema yeye ndiye mtunzaji.

Baba yake Kalondu alijua fika. Tulikuwa tumepatana mimi na mama yake. Lakini mzee kaona afadhali binti awe na mume mwenye ndevu, akanyamaza. Mama mtu alikuwa jikoni na wanawake, maneno yalisemwa uani. Kama ningekuwepo ningelipiga kelele ile nyama ikatoka kinywani mwao. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa Nairobi navimbisha mikono ya magauni.

Nimempa fisi bucha alinde, tena nikamtumia shukrani.

Sijalia. Nimeshona suruali nzima ya shule kinyume, nikaifumua.

Jumatatu, 27 Septemba

Nilipanda Mbooni Ijumaa, nimerudi jana. Miguu inaniuma lakini kichwa kiko sawa.

Mikahawa imezaa! Matawi yameinama mpaka chini. Nilipita katikati yake nikayagusa, nikasema hapa sitoki. Mikonge ya mpakani upande wa Nthiwa imeng'olewa mitatu, ya karibuni, mashimo bado mabichi. Niliipanda tena kwa mikono yangu huku mkewe akinitazama. Alinisalimu. Hana ubaya, maskini, yeye ndiye anayepalilia nyumba ile.

Nikaenda kwa wazee wa ukoo. Nthiwa alikuwepo, ametulia kama mtu aliyelala vizuri. Nikamuuliza mbele yao kwa nini aliwataja mbuzi wangu kuwa wa mwanawe. Hakukana. Alisema shamba la kaka yake haliwezi kuachiwa watoto wa wanaume wasiojulikana, kwamba yeye analinda damu. Nikamwambia damu hiyo haijawahi kuja kushika jembe. Wazee wengine walificha kicheko kwenye ugoro.

Mwisho wakasema hivi. Nyama iliyoliwa haitapikwi. Mimi siwezi kuivunja ndoa hiyo, wala Nthiwa hawezi kuithibitisha. Kinywa kilichobaki ni cha Kalondu. Ataulizwa mbele ya wazee ni nyumba gani aliyoolewa. Akiikataa ya Mwololo, Nthiwa anarudisha mbuzi na mambo yanaanza upya kwa jina langu. Lakini maneno yawe yake. Tukimwendea kumtia maneno mdomoni, mimi au Nthiwa, hayatahesabiwa.

Yaani nisiseme! Mimi! Watu wanaonijua watasikitika.

Nilimwona jana ng'ambo ya kijito akiteka maji, mtoto mgongoni. Aliinua kichwa akanitazama muda mrefu. Hakupunga mkono. Sijui alichofikiri, na ninaogopa. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Jumapili, 3 Oktoba

Mama Lornah amesikia (Peres!). Aliniambia niache habari za mbuzi, sheria ya sasa haimkatazi mwanamke kuandikwa, niende ofisini niandikwe mimi mwenyewe. Ana moyo mzuri, na huenda anasema kweli. Lakini ofisini watauliza wazee wanasemaje. Na hata nikiandikwa — nikifa je? Nataka mtu apalilie pale miaka mingi baada yangu na aseme hii ni kwa mama yetu. Hilo, karatasi haiwezi kunipa.

Peres amesema ataniombea. Kisha akauliza kama wanawake wa Maragoli nao wanaweza kuanza hii desturi, maana yeye pia ana shemeji.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kalondu yuko hapa.

Alifika na basi la Kilonzo jioni, na mtoto, na mfuko mmoja. Kilonzo alimleta hadi mlangoni kwangu hapa Muthangari, akaondoka bila hata kusubiri ahsante. Kalondu akasimama kizingitini. “Mwaitu,” akasema — anaponiita mama kwa Kikamba, najisikia nimekuwa mrefu — “nimekuja. Nimechoka.”

Nikafungua mdomo kuuliza. Nikaufunga. Kuuliza ni kutia maneno. Nikapika.

Hakusema ametoroka wala ametumwa. Hakusema anakaa siku ngapi. Alikula, akanyonyesha, akatazama chumba. Kisha akainuka, akasogeza cherehani yangu ya nyumbani kutoka kwenye kona hadi dirishani. “Hapa utaona vizuri,” akasema. Miaka yote hiyo ilikuwa kwenye kona na hakuna aliyewahi kuigusa. Kwa mtu mwingine ningepiga kelele. Kwake niliketi nikajaribu kushona. Ni kweli, mwanga ni mzuri.

Sasa amelala. Sijauliza. Nastahili zawadi ya kanisa!

Jumamosi, 9 Oktoba

Wamekuja. Nthiwa na wazee wawili, wale wale wa Mbooni. Wameketi nje kwenye benchi la mwenye nyumba, wamevaa makoti, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Wapimaji wanapanda Jumanne, kwa hiyo neno linatakiwa leo. Nthiwa alisema nimemwiba mke wa mwanawe. Mzee wa kwanza, mwenye fimbo, akamwambia anyamaze. Kisha akaniambia mimi niingie ndani. Eti nikibaki pale nitasema tu.

Ananijua. Basi nimeingia, na ninaandika ili mkono ufanye kazi mdomo upumzike. Niko kwenye cherehani, dirisha limefunguliwa, nawaona wote kama niko katikati yao.

Kalondu yuko jikoni. Hakutoka walipofika. Nilimsikia akiwasha stovu.

Mzee wa fimbo amemwita kwa sauti ya baraza. “Kalondu, binti yetu. Mbuzi zilizoliwa kwa ajili yako ni za nyumba gani?”

Nthiwa amejisogeza mbele kwenye benchi. Ana hakika, uso wake unasema hivyo. Mimi pia nilikuwa na hakika mpaka sasa hivi. Moyo wangu unapiga kama cherehani ya umeme. Kalondu, sema. Sema chochote, mwanangu, lakini —

Ametoka. Ana birika mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, mtoto mgongoni. Vikombe vyangu vya maua! Vile ambavyo sivitoi. Amevipata wapi? Nilivifungia nyuma ya sanduku.

Amekiweka cha kwanza kwenye benchi, akamimina, akasema bila kuinua sauti: “Wazee, nitajibu. Lakini kwetu hapa mgeni anakunywa chai kwanza.”

Mzee wa fimbo amemtazama. Ametazama mlango. Akakipokea kikombe. Wa pili amekipokea, ameanza kupuliza.

Sasa amemimina cha tatu, ameweka birika chini, anamnyooshea Nthiwa kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kwa mgeni. Naona mgongo wake tu, na kichwa cha mtoto. Nthiwa anakitazama kile kikombe. Anajua. Akikipokea, amekunywa chai ya mgeni nyumbani kwa Kalondu, na nyumba hiyo ni yangu, si ya Mwololo. Wazee wameacha kunywa, wanamtazama yeye.

Hajakipokea. Kalondu naye hajarudisha mikono.