Yule Mgeni Aliyesubiri Maji na Sisi

Mjukuu wangu Rehema, mke mwenzangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Kang'ata hatujambo, mbuzi kazaa mapacha. Anayeandika ni mama yako, nimemwambia asinipunguzie maneno.

Unauliza uache kuandika habari ndefu za jarida, eti watu hawasomi? Ngoja nikwambie. Nilipokuwa nimeolewa juzijuzi tu, alikuja dada mmoja mwandishi. Ulikuwa ukame, tunachimba mchanga mtoni, tunasubiri maji yachuruzike. Mama mkwe akampa yale masafi tunayowawekea wageni, akamwambia, "Maji yapo tele, mwanangu."

Yule dada hakuondoka. Akalala kwetu, asubuhi akaja mtoni, akasubiri na sisi mpaka kata ikajaa. Akaniuliza mimi habari za maji, akawauliza wanaume, akarudi kwangu tena na swali lile lile.

Baadaye shemeji akaleta jarida kutoka Segera, akatusomea. Mama wee! Kila kitu kimo, mpaka tope la miguuni. Kaandika kwamba mama mwenye nyumba alisema maji yapo ili mgeni asione haya kunywa. Nikaogopa, leo mama mkwe atawaka! Akajifunika kanga usoni, halafu akasema, "Kumbe aliniona. Rudia hapo, mwanangu."

Shemeji akarudia mpaka sauti ikamkauka. Mimi herufi sijui hata moja, lakini habari ile ninayo yote mpaka leo. Basi usiwafikirie wanaosoma tu, Rehema. Sisi tunaosomewa nasi tupo.

Bibi yako